Fonti za mwandiko wa mkono kwenye lebo, kadi na mabango yetu: tuzipime kwa Kiswahili kwanza

#1 Mchora Lebo (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wote tunaodizaini lebo, kadi, stika na mabango, na pia wa wateja wanaofika dukani na ombi moja tu: "Niwekee ile ya mwandiko," yaani fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) inayoiga mwandiko wa mkono. Kila mada ya fonti za mwandiko ikianzishwa inaishia kwenye "kali sana hiyo" na "hiyo imepitwa na wakati." Leo naomba tushuke chini kidogo, kwa sababu kazi hizi ndizo zinauza mawese, dagaa na migebuka yetu nje ya mkoa.

Msimamo wangu ni huu: fonti ya mwandiko ina kazi yake na inaifanya vizuri, ila tunaichagua vibaya kwa kuwa tunaitazama ikiwa imeandika Kiingereza.

Fungua ukurasa wowote wa kupakua fonti. Sampuli utakayoikuta mara nyingi ni ile sentensi ya mbweha anayeruka juu ya mbwa mvivu. Imetungwa ili kila herufi ya alfabeti yao ionekane, kwa hiyo a imo mara 1 tu, na q na x, ambazo sisi hatuzitumii, nazo zimo. Sasa futa, andika "Tunauza dagaa safi wa Kigoma." Hapo una herufi 24, na 8 kati yake ni a. Theluthi nzima! Kwenye dagaa zinafuatana mbili. Mtu akiandika kwa kalamu, a zake hazifanani: moja imefunga juu, nyingine imebaki wazi, ya mwisho wa neno ina mkia mrefu. Fonti nyingi za mwandiko zinakupa a ileile mara 8, mkia uleule, mwinamo uleule. Mteja anaweza asijue kinachomkera ni nini, lakini ile hali ya kwamba mtu ameandika kwa mkono wake imeshatoweka. Umebaki na herufi zinazosumbua kusomeka na hujapata faida yoyote.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza kwa fonti yoyote ya aina hii ni maneno yetu yenye irabu pacha: dagaa, saa, mzee, choo, mguu. Andika kwa ukubwa, yatazame ukiwa umesimama hatua kadhaa mbali. Zikionekana kama mihuri miwili iliyogongwa sambamba, tafuta nyingine.

Zipo zilizotatua jambo hili. Caveat, ya Pablo Impallari, inapatikana bure Google Fonts, hazina ya fonti ya Google mtandaoni. Imewekewa maumbo zaidi ya moja ya herufi, na inayabadilisha kufuatana na herufi ilipo ndani ya neno. Teknolojia inayofanya hivyo ni OpenType. Ukiandikia Word inabidi uiwashe mwenyewe: fungua dirisha la Font, nenda sehemu ya Advanced, weka tiki kwenye Use Contextual Alternates. Watu wengi hawajawahi kufungua hapo, halafu wanasema Caveat ni ya kawaida tu.

Tena tusidhani jambo hili lilianza na Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni. Brush Script ya Robert E. Smith ilitolewa Marekani mwaka 1942. Mistral ya Roger Excoffon ilitoka mwaka 1953 kwenye kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive, Marseille, Ufaransa. Excoffon aliifuatisha mwandiko wake mwenyewe, na enzi hizo herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi vinavyopangwa kimoja kimoja. Alihakikisha mkia wa kila herufi unakutana na mwanzo wa inayofuata, herufi yoyote ikae mbele ya yoyote. Andika "mawese" kwa Mistral uone e inavyoipokea s, utaheshimu kazi ya mtu.

Sasa, wapi iwekwe? Kwenye lebo ya chupa ya mawese naipa jina la bidhaa, au maneno mawili matatu ambayo muuzaji angeyasema kwa mdomo: "Yamekamuliwa nyumbani," "Karibu tena." Yale ambayo mteja lazima ayasome bila kubahatisha, yaani ujazo, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, anwani, namba ya simu, yote yaende kwenye fonti nyoofu ya kawaida. Kadi ya harusi vivyo hivyo: majina ya maharusi kwa mwandiko, ukumbi na saa kwa herufi nyoofu. Tangazo la msiba siweki mwandiko kabisa, hata mteja akiomba namweleza kwa upole. Pale watu wanatafuta jina, mahali na saa ya maziko.

Na jambo moja ambalo naliona kila siku hapa mjini: HERUFI KUBWA TUPU kwa fonti ya mwandiko unganishi, ule ambao herufi zake zinashikana. Herufi kubwa za Brush Script na wenzake zilichorwa zianze neno, kisha zifuatiwe na ndogo. Ukizipanga zenyewe, kila moja inarusha mkono wake upande wake na "KARIBU" inakuwa fumbo.

Karibuni tujadili.

#2 Kibirizi Kwetu

Mkuu umesomeka. Hiyo ya a nane nimeihesabu mwenyewe, ni kweli. Naomba uguse Comic Sans. Mimi naipenda, lakini kila nikiitumia wataalamu wananishambulia. Kosa lake ni nini hasa?

#3 Mwalimu wa Awali

Naunga mkono swali la #2. Nafundisha darasa la awali na chati zangu zote za ukutani ni Comic Sans. Watoto wanazielewa haraka. Niambieni kama nazikosea.

#4 Mchora Lebo

Mwalimu, shikamoo. Hujakosea hata kidogo, na nitaeleza sababu.

Comic Sans aliichora Vincent Connare mwaka 1994 akiwa Microsoft. Alikuwa ameona programu ya Microsoft Bob ikiwa kwenye majaribio. Ndani yake kuna mbwa wa katuni anayemwelekeza mtumiaji, na maneno ya mbwa huyo yalikuwa kwa Times New Roman. Connare akaona mbwa wa katuni hawezi kuzungumza kwa herufi za gazeti, akachora herufi zinazofanana na zile za vitabu vya katuni. Haikuwahi kuingia kwenye Bob yenyewe, lakini ikaja na kifurushi cha Windows 95 Plus! na kutoka hapo ikaenea dunia nzima.

Chuki dhidi yake imetokana na mahali ilikopelekwa: barua za kikazi, notisi za maonyo, mabango ya zahanati. Hata tarehe 4 Julai 2012, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walipotangaza kupatikana kwa chembe ya aina ya Higgs, mwanafizikia Fabiola Gianotti aliwasilisha matokeo kwa slaidi za Comic Sans, na mtandaoni watu wakaanza kujadili herufi badala ya fizikia. Mimi naona ile ilikuwa kuonea. Slaidi zilisomeka.

Kwa mtoto anayeanza kusoma, fonti hii ina sifa ambayo nyingine nyingi hazina. Tazama a yake: duara na kijiti, kama unayomfundisha mtoto aandike. Linganisha na a ya Times yenye kofia juu. Mtoto anafundishwa umbo moja daftarini, halafu ukutani anakuta jingine. Pia herufi zake zimeachana, hazigusani. British Dyslexia Association, chama cha Uingereza kinachoshughulikia watu wenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), kinaitaja Comic Sans kati ya fonti wanazopendekeza. Kwa hiyo Mwalimu endelea nazo. Ukitaka kubadilisha ladha, jaribu Patrick Hand. Nayo ni mwandiko wa kuachanisha, umbo lake ni safi.

Kibirizi Kwetu, kaka, wewe iache kwenye barua za kuomba tenda. Kwenye bango la mashindano ya watoto ipige bila wasiwasi.

#5 Fundi Stika (Gungu)

Wakuu, mimi nina mashine ya kukata stika. Nikiandika jina kwa fonti ya mwandiko kwenye CorelDRAW, programu ya kuchorea, linaonekana vizuri kwenye skrini, ila mashine ikikata, kila herufi inakatwa kivyake. Pale zinapoungana unakuta kisu kimepita katikati na vipande vidogo vinabanduka. Stika ya kioo cha bajaji inatoka imechanika. Tatizo ni mashine au fonti?

#6 Mchora Lebo

Fundi, mashine yako haina kosa. Fonti za mwandiko unganishi zimetengenezwa ili mkia wa herufi moja ulale juu ya herufi inayofuata. Kwenye skrini na kwenye printa huoni chochote kwa sababu rangi ni moja. Kisu hakijui rangi. Kinafuata mzingo wa kila herufi, pamoja na ile sehemu iliyofichika chini ya mwenzake.

Fanya hivi. Andika neno, rekebisha nafasi kati ya herufi kabisa kwanza, kwa kuwa baadaye huwezi kulihariri kama maandishi. Likikukalia sawa, weka nakala pembeni, kisha bonyeza Ctrl+Q lipate kuwa mchoro. Lipasue liwe herufi moja moja kwa Break Apart, rudishia matundu ya a, o, e na b kwa Combine, mwisho chagua zote na utumie amri ya Weld. Mizingo inakuwa mmoja. Hakikisha kwa kutazama mchoro wa mistari mitupu bila rangi: ukiona mstari wowote unakatiza ndani ya ungio, bado hujamaliza.

Halafu chagua fonti yenye unene. Ungio jembamba, hata likikatwa vizuri, linanyanyuka kwa jua na vumbi la barabara ya Ujiji. Pacifico ya Vernon Adams inakaa vizuri kwenye stika kwa sababu ni nono na viungio vyake ni vipana.

#7 Fundi Stika

Asante sana mkuu. Nilikuwa naruka hatua ya kupasua na kurudishia matundu. Kesho nina kazi ya jina la boti, nitajaribu.

#8 Mama Mawese

Wanangu hamjambo. Mimi nasafirisha mawese na dagaa, mzigo mwingine unapanda boti kwenda Kalemie na mwingine Bujumbura. Wateja wa kule wanataka maelezo ya Kifaransa. Kijana aliyenitengenezea lebo aliweka mwandiko mzuri sana, ila neno "qualité" ile herufi ya mwisho imekuwa ya aina nyingine kabisa, imesimama wima na nyembamba. Akaniambia ndivyo ilivyo. Ni kweli?

#9 Mchora Lebo

Mama shikamoo. Inarekebishika, usikubali kuuziwa hivyo.

Kilichotokea ni kwamba fonti hiyo haina é. Mtu aliyeichora aliishia a mpaka z pamoja na tarakimu, basi. Kompyuta ikikutana na herufi isiyokuwemo huazima kutoka fonti nyingine bila kuuliza. Fonti nyingi za bure kwenye kurasa za kupakulia ziko hivyo. Kwa sisi wa Kigoma tunaouza ng'ambo ya ziwa, hili ni jambo la msingi, kwa hiyo nimwongezee kijana wako sentensi ya kupimia: aandike "Fabriqué en Tanzanie, première qualité, français." Zikitoka zote kwa mkono mmoja, aendelee. Caveat, Patrick Hand na Kalam zina herufi hizo.

Na papo hapo apime kitu chetu wenyewe: ng'. Andika ng'ombe, ng'ambo, ng'arisha. Kuna alama mbili za kibainishi, iliyonyooka na iliyopinda. Word ikiona umeweka iliyonyooka inaigeuza yenyewe kuwa iliyopinda. Fonti ikiwa na ile ya kwanza tu, utaona alama imetoka kwa unene tofauti na imeacha pengo, neno linakuwa "ng" kisha nafasi kisha "ombe." Kwenye lebo ya maziwa hiyo ni aibu mbele ya wateja. Dawa ni kuibadilisha kwa mkono, au kuacha fonti hiyo.

#10 Brashi ya Ujiji

Nimewasoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi ni mwandishi wa mabango kwa brashi, nimeandika mitumbwi na maduka hapa Ujiji kwa miaka mingi. Naomba nieleze ninachokiona. Mnahangaika kutafuta fonti itakayoonekana kama mkono wa mtu, na fonti yenyewe ni mkono wa Mfaransa au Mmarekani. Mikono ya watu ipo hapa. Nikiandika "Mungu Mkubwa" ubavuni mwa mtumbwi, M ya kwanza na ya pili zinatofautiana kwa sababu mbao zenyewe zinapinda, na brashi inakaribia kuisha rangi. Hilo kompyuta haiwezi. Na kanga je? Jina la kanga linaandikwa kwa herufi kubwa nyoofu, halina mkia wala mwinamo, na ujumbe unafika mpaka unamchoma aliyekusudiwa. Kwa hiyo hisia haitoki kwenye mwandiko peke yake.

#11 Mchora Lebo

Mzee wangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Ya kanga hasa. Maneno yenye nguvu hayahitaji kupambwa, na wadizaini tunapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kupachika mwandiko juu ya kila kitu.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye wingi. Mama Mawese anahitaji lebo nyingi zinazofanana, leo na mwezi ujao, na mteja wa Kalemie azitambue kwa mbali. Huko brashi haifiki. Lakini jina la bidhaa yake linaweza kutoka kwenye mkono wako, na napendelea hivyo kuliko fonti yoyote niliyoitaja hapa. Andika jina kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kubwa, mara kadhaa. Tunachagua lililotulia, tunalipiga picha mchana mahali pasipo kivuli, tunaligeuza kuwa mchoro wa mistari kwa PowerTRACE ya CorelDRAW, au kwa Inkscape ambayo ni ya bure. Linachapwa kwa ukubwa wowote bila kupoteza ncha za brashi. Sehemu nyingine ya lebo inabaki na fonti nyoofu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna huduma ya mtandaoni inaitwa Calligraphr. Unajaza herufi zako kwenye karatasi yenye visanduku, unaipiga picha, inakurudishia fonti. Ukifika huko andika é na kibainishi pia, na ile a iandike kwa namna zaidi ya moja.

#12 Brashi ya Ujiji

Hapo sawa. Ila jina nikiliandika, likawekwa kwenye chupa za nchi tatu, mimi nalipwa ya karatasi moja?

#13 Mchora Lebo

Hapana mzee, na ni vizuri umeuliza mapema. Kazi za sanaa hapa kwetu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kabla hujakabidhi karatasi, muandikishane: kazi itatumika kwenye nini, kwa muda gani, na umelipwa kiasi gani. Bei ya kuandika bango moja la duka isiwe bei ya jina la biashara. Mimi kama mdizaini nitakuwa wa kwanza kumwambia mteja hivyo.

#14 Asali ya Unyamwezi (Tabora)

Nawasalimu kutoka Tabora. Uzi umenifaa. Naandaa lebo ya asali, nimechagua Shadows Into Light kwa maneno "Asali mbichi ya Tabora." Kwenye kompyuta inapendeza. Nikirusha WhatsApp kwa wateja maneno yanafifia, wengine wanauliza imeandikwa nini. Pia nataka kujua kuhusu haki: fonti ya bure naweza kuuzia bidhaa?

#15 Mchora Lebo

Karibu ndugu wa Tabora. Shadows Into Light ni nyembamba sana kwa kazi hiyo. WhatsApp inabana picha, na mistari myembamba ndiyo inayoumia kwanza, hasa ikiwa juu ya rangi ya asali ambayo ni ya katikati, haijakoza wala haijapauka. Nenda na Kalam, uzito wa Bold, au Caveat Bold. Na usipange ukubwa kwa namba tu: Caveat ya pointi 12 inaonekana ndogo waziwazi kuliko Arial ya pointi 12, kwa kuwa herufi zake ndogo zimechorwa fupi. Ongeza mpaka macho yaridhike. Kisha jitumie picha WhatsApp, uifungue kwenye simu ya bei ndogo kabisa utakayoipata nyumbani.

Kuhusu haki, neno "bure" lina masharti. Fonti nilizozitaja za Google, yaani Caveat, Kalam, Patrick Hand, Pacifico na hata hiyo uliyoichagua, zina leseni huria ya SIL Open Font License. Unaruhusiwa kuzitumia kwenye bidhaa za kuuza bila kulipa, kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwenye kurasa nyingine za kupakulia utakuta maneno "Personal Use Only." Hizo ni za matumizi binafsi, na lebo ya asali ni biashara. Soma faili la maandishi linalokuja ndani ya faili la zip ulilopakua. Wengi wanalifuta bila kulifungua, na mle ndimo mwenye fonti ameeleza anataka nini.

#16 Asali ya Unyamwezi

Nimebadili, nimeweka Kalam Bold. Tofauti ni kubwa, mke wangu amesoma akiwa mlangoni. Namba ya simu na bei niziweke kwa Kalam pia ili zifanane?

#17 Mchora Lebo

Hapana ndugu, hizo zitoe. Kwenye fonti za mwandiko 1 na 7 zinakaribiana mno, na 0 ikiandikwa haraka inaelekea 6. Mteja akikosea tarakimu moja ya simu, simu inaita kwa mtu mwingine na wewe hujui kwamba umepoteza oda. Bei nayo, Sh 7,000 ikisomeka Sh 1,000 mtagombana dukani. Weka tarakimu zote kwa Open Sans au Arial, zigawe kwa makundi ya tatu tatu, na uziache chini ya jina kwa nafasi ya kutosha. Ukimaliza, tupia picha humu tuiangalie kabla hujapeleka kuchapa.